Meza Nne, Macho Mawili: Hotuba kwa Wachezaji wa Poka ya Madau Madogo, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, dada na kaka zangu mnaoishi kwa kuongoza watalii, kuendesha magari ya safari na kubeba mizigo mlimani, pamoja na wanafunzi mliotoka Njiro na Tengeru: wanaostahili shikamoo nawapa shikamoo, na wengine nawasalimu kwa habari za jioni. Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza hapa Kijenge, tena katika msimu huu wa masika ambapo magari yameegeshwa, hoteli zimepunguza watu, na wengi wetu tuna saa nyingi za kukaa mbele ya kompyuta kuliko tunazokuwa nazo Julai na Agosti. Niliombwa nieleze kwa nini mtu anayeshinda vizuri akicheza poka kwenye meza moja mtandaoni huanza kupoteza pindi anapofungua meza sita, na afanye nini ili ashinde zaidi bila kufunga meza zote. Nitajibu swali hilo tu.

Nianze na jambo la sheria, kisha niliache. Michezo ya kubahatisha nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kama kuna mdogo wetu aliyefuatana na kaka yake, namwomba atoke kwa heshima, chai ipo nje. Ada ya shule na kodi ya nyumba si mtaji wa poka. Hilo nalo nimelisema, na sitalirudia.

Kila anayekuja kwangu kuomba ushauri namwuliza anashinda kiasi gani, naye karibu kila mara hunijibu kwa siku: jana nilipata dola sita, juzi nilipoteza nne. Mimi ni mhasibu kwa kazi yangu, na jibu la namna hiyo haliwezi kuingia kwenye daftari lolote la maana. Wachezaji wa poka hupima ushindi kwa idadi ya madau makubwa ya lazima anayopata mtu katika kila mikono 100 anayogawiwa. Katika kila mkono, yaani kila mgawo wa karata, wachezaji wawili hulazimika kuweka dau kabla ya kuona karata, mmoja dogo na mwingine kubwa. Kwenye meza ambayo dau dogo la lazima ni senti 1 ya dola na dau kubwa ni senti 2, aliyepata senti 10 katika mikono 100 ameshinda madau 5. Kuanzia sasa nikisema "madau" kwa namna hiyo, mjue ninamaanisha hayo. Faida ya kipimo hiki ni kwamba kinamwezesha mtu kulinganisha meza ya senti 2 na meza ya senti 10, na usiku wa meza moja na usiku wa meza nane.

Sasa tupige hesabu. Chukulieni meza ya watu 6 inayogawa mikono kama 75 kwa saa. Mchezaji wetu akiwa na meza moja anapata madau 8 kwa mikono 100, ambayo ni madau 6 kwa saa. Anafungua meza nne, umakini unagawanyika, kiwango chake kinashuka hadi madau 5. Lakini kwa kuwa sasa anacheza mikono 300 kwa saa, pato lake limefika madau 15 kwa saa. Anaona mambo ni mazuri, anafungua meza 12, anacheza mikono 900 kwa saa kwa kiwango cha dau 1, na anaondoka na madau 9 kwa saa na kichwa kinachomgonga. Viwango hivyo vya 8, 5 na 1 nimevitunga ili hesabu ieleweke, ila umbo lake nimeliona kwenye madaftari ya wengi: kiwango kwa mkono hushuka, pato kwa saa hupanda hadi kilele fulani, kisha nalo huporomoka. Anayetaka kiwango kisishuke hata kidogo abaki na meza moja. Anayetaka pato akubali kiwango kishuke kiasi. Wanaoumia ni wale wasiojua wanatafuta lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu hao huendelea kuongeza meza hata baada ya kilele, wakidhani kwamba wanachokosa ni mikono zaidi.

Na kabla hamjaanza kuota, madau 15 ya senti 2 ni senti 30 za dola. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 750 kwa saa, na hapo bando halijatolewa. Mnacheka, lakini kuna mtu ukumbini humu aliyenieleza kwamba ataacha kazi ya upagazi kwa hesabu hizo. Meza za senti 2 ni shule yenye ada ndogo. Mtu hukaa hapo ili ajifunze kwa makosa ya bei rahisi, kisha apande kwenye meza za senti 10 na senti 25 akiwa na mazoea yaleyale.

Hebu tuone ni nini hasa kinachopotea mtu anapoongeza meza. Mmewaona mafundi wa drafti kwenye vijiwe vyetu, kuanzia Kaloleni hadi Sakina. Fundi wa kweli anaweza kucheza mbao mbili kwa wakati mmoja, akageuka huku na huku, akawafunga wote wawili. Anaweza kwa sababu kila kitu kipo juu ya ubao: akirudi baada ya dakika tano anaziona kete zote, na hahitaji kukumbuka mpinzani alikunja uso wakati gani. Poka haiko hivyo. Unaporudi kwenye meza uliyoiacha unaona karata zako mbili, unaona karata za mezani, ambazo ni za wote na hufunguliwa tatu kwanza, kisha ya nne, kisha ya tano, watu wakiweka dau kila hatua, na unaona fungu la fedha katikati. Lakini kilicho muhimu zaidi, yaani namna mtu yule wa kiti cha tatu alivyofika hapo, kimeshapita. Alilipa dau papo hapo au alikawia? Mkono uliopita alionyesha karata gani mwishoni? Amekuwa akilipa kila kitu tangu saa mbili usiku, au hii ndiyo mara yake ya kwanza kuingia? Meza ya tano haikunyang'anyi karata zako nzuri, maana hizo zinagawiwa vilevile. Inakunyang'anya mtu aliyekaa mbele yako.

Na kwenye madau madogo, mtu huyo ndiye mgodi wenyewe. Wengi wanaocheza huko hawajui kutupa karata. Huingia na karata mbovu kwa kulipa tu bila kuongeza dau, na wakishapata hata jozi ndogo hulipa hadi karata ya tano ili waone umeshika nini. Mimi huwaita walipaji. Wachache ni mabahili, ambao hukaa saa nzima bila kuingia, na wakiongeza dau ujue wameshika ree mbili au wafalme wawili. Mlipaji hatishwi na mkwara. Dau la nusu ya fungu ukiwa huna kitu linahitaji mpinzani akimbie mara 1 kati ya 3 ili usipate hasara, na mlipaji hakimbii mara hizo. Kwa hiyo amri ya kwanza ya meza hizi ni kuacha kuchimba mkwara dhidi ya watu wasiokimbia, hata kama umeona mabingwa kwenye video wakifanya hivyo. Mabingwa wale wanacheza na mabingwa.

Amri ya pili ndiyo yenye fedha, nami naomba niikalie kidogo. Tuseme umeshika ree na mfalme, ree imetokea kwenye karata tatu za kwanza za mezani, na fungu lina madau 7. Mbele yako yuko mlipaji mwenye ree na karata ndogo. Ukiweka nusu ya fungu katika kila hatua, utaweka madau 3 na nusu, kisha 7, kisha 14, na yeye atakuwa amekulipa madau 24 na nusu. Ukiweka theluthi mbili hivi, utaweka 5, kisha 11, kisha 26, na yeye, kwa sababu ni mlipaji, atalipa vilevile, ila safari hii amekupa madau 42. Tofauti ni madau 17 na nusu. Ikiwa nafasi kama hiyo inakujia mara moja tu katika kila mikono 300, na wewe kwa kukimbizana na meza umebofya kitufe cha nusu ya fungu kwa mazoea, umepoteza karibu madau 6 kwa kila mikono 100, yaani zaidi ya kiwango chote cha yule mchezaji wetu wa meza nne. Wala hutaona popote kwamba umepoteza, kwa kuwa mkono huo umeandikwa kwenye kumbukumbu kama ushindi! Ninapopitia madaftari ya watu, hasara hii iliyovaa nguo za faida naikuta mara nyingi kuliko kosa jingine lolote.

Upande wa pili wa sarafu hiyohiyo ni kutupa karata. Mlipaji aliyekuwa akilipa tu kimya kimya, kisha karata ya nne au ya tano ikatoka na ghafla akaongeza dau kubwa, mara nyingi sana ameshapata jozi mbili au zaidi. Jozi yako ya ree, hata ikisindikizwa na mfalme, haitoshi tena. Anayecheza meza moja hulihisi badiliko hilo. Anayecheza kumi anaona tu kwamba ana ree, saa inahesabu sekunde, na meza nyingine tatu zinamlilia, kwa hiyo analipa.

Kwa kuwa macho ni mawili, hekima ni kuyaondoa mahali yasipohitajika. Kuna aina 169 za karata mbili za kuanzia, ukizipanga kwa thamani na kwa kuwa za ua moja au la. Hakuna sababu ya kufikiri upya kuhusu kila moja kila inapokuja. Andika kwenye karatasi, kwa kila kiti, karata unazoingia nazo: chache ukiwa wa kwanza kuzungumza, nyingi zaidi ukiwa kwenye kiti cha mgawaji, ambapo utakuwa wa mwisho kuamua katika kila hatua baada ya karata za mezani kufunguliwa. Bandika karatasi hiyo ukutani mpaka uikariri. Uamuzi wa kwanza usikugharimu hata sekunde mbili, ili sekunde zako zote ziende kwenye fungu lililoanza kukua.

Hali kadhalika, zipo hesabu chache za kukariri kama majedwali ya shule ya msingi. Anayelipa dau la nusu ya fungu anahitaji kushinda mara 1 kati ya 4. Anayelipa dau sawa na fungu zima, mara 1 kati ya 3. Ukiwa na karata nne za kopa baada ya karata tatu za mezani, zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 usizoziona, kwa hiyo karata inayofuata itakukamilishia takriban mara 1 kati ya 5. Ukishika jozi ndogo mkononi, utapata ya tatu kwenye karata tatu za kwanza karibu mara 1 kati ya 8 na nusu, na kwa sababu hiyo jozi ndogo hulipiwa pale tu ambapo wewe na mpinzani wako mna fedha nyingi za kutosha mbele yenu.

Kuhusu madau ya lazima nitasema kwa ufupi. Anayetupa karata zote kwenye meza ya watu 6 hupoteza dau moja na nusu kila mzunguko, sawa na madau 25 kwa mikono 100. Kwa hiyo kwenye viti hivyo viwili vya lazima kila mtu hupoteza. Kazi yako ni kupoteza pungufu ya hayo, na kurudisha kilichobaki ukiwa kwenye kiti cha mgawaji. Usijione shujaa wa kulinda senti 2 kwa karata za takataka. Kumbuka pia kwamba nyumba inakata chake. Tovuti ikichukua asilimia 5, fungu la senti 40 kwenye meza ya senti 2 limetozwa senti 2, dau zima, na mtozwaji ni yule aliyeshinda. Mafungu madogo mengi yasiyo na maana hunenepesha nyumba.

Nisiwe kama mtu anayelaani meza nyingi, maana zina dawa yake. Ree mbili hugawiwa mara moja katika mikono 221 kwa wastani. Kwenye meza moja utazingoja karibu saa tatu. Kwenye meza nne, kama dakika 45. Wengi wetu tunapoteza kwenye meza moja kwa uchovu wa kungoja tu: tunaona karata mbovu mara thelathini, ya thelathini na moja tunasema "ngoja nijaribu". Mtu wa namna hiyo akifungua meza ya pili, na hata ya tatu, kiwango chake kinaweza kupanda, kwa kuwa mikono imepata kazi na tamaa imetulia. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Sasa, mtu atajuaje kama anashinda kweli au amebahatika? Wanaapolo wa Mererani, wachimbaji wetu wa tanzanaiti, wanaijua hesabu hii kuliko wahasibu. Wanashuka shimoni miezi, hawana mshahara, wanangoja mgodi uteme ili wapate mgawo, na siku mbili za mawe haziwaambii lolote kuhusu mwaka mzima. Mwaka 2020 Saniniu Laizer aliuza mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na nchi nzima ikamwona. Walioshuka mwaka huo huo wakatoka na vumbi, hakuna aliyewapiga picha. Vivyo hivyo, mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu mwenzangu kutoka Tennessee, aliingia kwenye mashindano makuu ya dunia ya poka kule Las Vegas kupitia mchujo wa mtandaoni uliomgharimu dola 86, akawashinda washiriki wenzake 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Waliokuja baadaye wakimfuata, majina yao hamyajui.

Kwenye meza za watu 6, matokeo ya mikono 100 huyumba kwa kiasi cha madau 100 hivi juu na chini ya wastani wa mtu. Ukicheza mikono 10,000, kuyumba kwa kiwango chako kunabaki takriban madau 10. Hii ina maana kwamba mwenye uwezo halisi wa madau 5 anaweza, bila ajabu yoyote, kusoma hasara ya madau 5 au faida ya madau 15 baada ya mikono 10,000. Ukifika mikono 100,000, kuyumba kumeshuka hadi madau 3 hivi. Mwaka 2017 watafiti wa Carnegie Mellon walipotaka kuonyesha kwamba programu yao, Libratus, inawazidi wataalamu wanne wa poka, walicheza nao mikono 120,000 kwa siku 20, na hata programu hiyo iliyoshinda kwa karibu madau 15 kwa mikono 100 haikupewa hukumu kwa wiki moja. Basi wewe uliyecheza Jumamosi na Jumapili, hukumu yako itoke wapi? Kwa sababu hiyohiyo, weka mtaji wa angalau viingilio 30 vya meza unayocheza, kiingilio kikiwa ni fedha unayokaa nayo mezani, na uongeze kama unacheza meza nyingi, kwa maana siku mbaya ya meza nane inaweza kula viingilio vingi kabla hujanywa maji.

Nina kisa changu. Jioni moja ya Aprili nilikuwa na meza nane, mvua ikinyesha, mtandao ukakatika. Kwenye meza tatu kati ya hizo nilikuwa ndani ya mafungu makubwa, na kwenye mojawapo nilishika saba tatu. Saa ilihesabu, karata zangu zikatupwa zenyewe, na mtandao uliporudi nilikuta mafungu yamegawanywa kwa wengine. Ningekuwa na meza mbili, ningekuwa nimepoteza sehemu ndogo tu ya hayo. Tangu siku hiyo simu yangu ya pili, yenye laini ya kampuni nyingine, hukaa pembeni ikiwa tayari kuunganishwa, na mawingu yakitanda juu ya Meru sifungui meza zaidi ya tatu.

Jinsi ya kuongeza meza mimi naifundisha hivi. Cheza kwa idadi uliyonayo mikono 5,000, ukipanga meza pembeni kwa pembeni kwenye skrini badala ya kuzilundika moja juu ya nyingine, ili uweze kuona mikono ambayo wewe hukuingia. Kila baada ya robo saa, chagua meza moja bila kuitazama na ujiulize: nani hapa ni mlipaji, nani ni bahili, na nani aliongeza dau mara ya mwisho? Ukijibu mawili kati ya hayo bila kusitasita, unaweza kujaribu meza moja zaidi kwa mikono mingine 5,000. Usipojibu hata moja, funga meza papo hapo. Si lazima ungoje usiku uishe. Zipo programu zinazokuwekea takwimu za kila mpinzani juu ya jina lake, kama vile anaingia kwa hiari asilimia ngapi ya mikono, na baadhi ya tovuti zimezipiga marufuku. Zinapokubalika, zinasaidia. Anayeingia asilimia 50 na kuongeza dau asilimia 5 tu ni mlipaji wa kupindukia, na huhitaji kumwona ana kwa ana. Hata hivyo takwimu za mikono 20 ni uvumi, nami nimeona watu wakiziamini kama maandiko.

Weka alama kwenye kila mkono uliokusumbua, endelea kucheza, na uupitie kesho asubuhi ukiwa umelala. Kipindi kisizidi dakika 90. Na ukijigundua umefungua meza mpya dakika chache baada ya kupoteza fungu kubwa, hiyo ni hasira inayofukuzia hasara, zima kompyuta.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda umekwenda, na niliwaomba baadhi ya wachezaji waje na kumbukumbu za mikono yao. Naomba wasogee mbele. Tutaanza na dada wa Sanawari aliyeniandikia kwamba ameshinda fungu la madau 30 akiwa na wafalme watatu, na nitamwuliza kwa nini halikuwa la madau 90.